Uzito wa Maneno Matano

Msafiri anayeingia Ratilia huulizwa uzito wake kabla ya kuulizwa jina. Hakuna anayemkusudia ubaya, ndiyo desturi. Karani wa mpakani humpandisha kwenye mizani, huandika anachokiona, kisha humkaribisha chai. Watu wa huko wanaamini tangu enzi za mababu zao kwamba kitu kisichopimika hakina haja ya kujadiliwa, na imani hiyo wameifikisha mpaka kwenye sheria zao. Lakini hiyo ni imani ya makao makuu. Majimboni mambo ni mengine, na habari hii inaanzia jimboni.

Jimbo la Lumwe liko kando ya mto wa jina hilohilo. Baraza lake lilikuwa na wajumbe kumi na saba, waliokaa kwenye mabenchi katika jengo lililowahi kuwa ghala la pamba. Kanuni yao kubwa ilikuwa moja. Muswada ukishajadiliwa, mlinzi wa mlango alitoka barabarani akamwita mpita njia yeyote. Mpita njia alisomewa muswada mara moja tu. Akiweza kuurudia bila kukosea, ulikuwa sheria papo hapo. Akikwama, ulirudishwa kwa mwenyewe akaufupishe. Ndiyo maana sheria zote za Lumwe zilienea ukutani pa ghala lile, upande mmoja, na nafasi ilibaki.

Mmoja wa wajumbe hao alikuwa Nasikiwa Mrutu. Kabla ya siasa alikuwa mkunga kwa miaka kumi na tisa, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa na sauti ya chini. Hakugombea kwa sababu alipenda vyeo. Aligombea kwa sababu ya asubuhi moja pale kivukoni.

Asubuhi hiyo alikuwa amemsindikiza mwanamke aliyeitwa Mwasiti, uchungu umemkaza, mtoto amekaa vibaya, na hospitali iko ng'ambo. Walipofika mtoni walikuta ng'ombe thelathini na wawili wa mfanyabiashara mmoja wakisubiri kuvuka. Mvushaji alikuwa mtu wa haki. Alisema aliyewahi ndiye atakayevuka kwanza, na ng'ombe ndio waliowahi. Alivusha ng'ombe wanne wanne. Ilipofika zamu ya Mwasiti, mama alikuwa bado hai na mtoto hakuwa hai. Nasikiwa alimfunga yule mtoto kwenye kanga yake mwenyewe, akarudi nyumbani, akajifungia siku mbili. Siku ya tatu alikwenda kuandikisha jina lake kwa uchaguzi wa Baraza.

Muswada wake ulikuwa na maneno matano: Mjamzito akifika kivukoni avushwe kwanza.

Mlinzi wa mlango alitoka akarudi na muuza mahindi ya kuchoma, mkono umejaa masizi. Akasomewa. Akarudia bila kukosea, kisha akawatazama wale wajumbe kumi na saba.

"Kwani ilikuwa sivyo?" aliuliza.

Sheria ikaandikwa ukutani siku hiyohiyo, na kuanzia hapo kwenye ukingo wa Lumwe ng'ombe walijifunza kungoja.

Tabu ilikuwa ukingo wa pili. Mto una kingo mbili, na ule wa ng'ambo ulikuwa wa jimbo jingine, lenye baraza jingine, ambalo halikuwa na habari na Nasikiwa wala maneno yake. Mwanamke wa Lumwe aliyeolewa ng'ambo, akitaka kuja kujifungulia kwa mama yake, aliendelea kupanga foleni nyuma ya magunia. Nasikiwa aliwaandikia wajumbe wa ng'ambo mara tatu. Mara ya tatu walimjibu kwa adabu kwamba jambo linalogusa majimbo mawili ni la Nyumba Kuu ya Taifa, mjini Kapani.

"Basi nitakwenda huko," aliwaambia wapiga kura wake. Nao, kwa kuwa watoto wao wengi walipokelewa na mikono ile, wakamchagua kwa kura nyingi mno, wakamsindikiza kwa ngoma hadi mwisho wa kijiji.

Nyumba Kuu ya Kapani ni ya mviringo, na katikati yake, pale ambapo nchi nyingine zingeweka meza, imening'inia mizani ya shaba yenye sahani mbili pana kama vitanda. Katika sahani moja limelala Jiwe la Taifa, jeusi, limeng'aa kwa kupapaswa. Muswada huwekwa katika sahani ya pili. Ukiliinua Jiwe, umepita. Usipoliinua, umeanguka. Hakuna kura, na wabunge wa Ratilia hujivunia sana jambo hilo, maana wanasema kura huweza kupotoshwa lakini uzito haudanganyi.

Siku Nasikiwa alipoleta muswada wake, Mpimaji Mkuu, Bwana Machano, mzee mwembamba aliyevaa glavu nyeupe, aliupokea ule ukurasa mmoja kwa mikono miwili, akauweka sahanini taratibu. Sahani haikutikisika. Nzi akaja akatua juu ya karatasi, na watu waliokaa karibu waliapa kwamba walimwona nzi ndiye aliyeitikisa kidogo.

Wabunge walicheka, lakini si kwa ubaya. Wengi wao waliwahi kufika siku ya kwanza na ukurasa mmoja.

Aliyemfuata kwenye ukumbi baadaye alikuwa Mheshimiwa Dihenga, mbunge wa pwani ya chumvi, mtu wa makamo yaliyopita, tumbo mbele, kicheko karibu. Alikuwa katika kipindi chake cha tano.

"Mdogo wangu, muswada wako ni mzuri," alisema. "Tatizo umekonda. Njoo nikuonyeshe unakolishwa."

Alimpeleka kwenye Idara ya Unenepeshaji, iliyochukua ghorofa tatu. Humo makarani walikaa safu kwa safu, kila mmoja na wino wake. Karani aliyepangiwa muswada wa Nasikiwa alikuwa kijana mpole aliyenoa kalamu kabla ya kila swali.

"Mjamzito ni nani?" aliuliza.

"Ni mwanamke mwenye mimba."

"Nani anathibitisha?"

"Si unamwona?"

"Mimi simwoni, Mheshimiwa. Mimi niko Kapani." Akaandika. "Akifika. Kufika ni kukanyaga gati au kuonekana kwa mbali?"

"Mwanangu, mtu anaumwa uchungu—"

"Nitaweka vyote viwili, na jedwali la umbali. Kivukoni. Kivuko ni nini? Kwanza. Kwanza kabla ya nani? Kabla ya Waziri pia?"

Nasikiwa alijibu siku ya kwanza, na ya pili, na wiki nzima. Kila jibu lilizaa kurasa nane au kumi. Baadaye wabunge wenzake walianza kumletea michango, kwa kuwa ndivyo inavyofanyika: mtu akikupa kurasa leo, utampa kesho. Huyu alileta kurasa sitini kuhusu rangi ya maboya. Yule alileta kanuni za ufugaji wa bata katika maji yanayotembea. Dihenga mwenyewe, kwa moyo mweupe, alimzawadia kurasa mia moja na arobaini kuhusu usafirishaji wa chumvi.

"Chumvi inahusiana nini na wajawazito?" Nasikiwa aliuliza.

"Nayo inavuka mto," alisema Dihenga. "Usihofu. Hakuna atakayesoma."

Hilo lilikuwa kweli zaidi ya alivyodhani Nasikiwa. Katika Nyumba Kuu, kusoma kurasa alizokupa mwenzio ni kumwita mwongo mbele za watu. Nasikiwa alijaribu mara moja kufungua furushi alilopewa na mbunge wa milimani, na yule mbunge alisimama palepale, uso umemshuka, akauliza amekosa nini. Nasikiwa akalifunga tena. Alikuwa mgeni, na alitaka sana jambo lake lipite. Usiku alijiambia kwamba maneno yake matano yamo humo ndani, mazima mazima, na hilo ndilo muhimu.

Muswada ulipopelekwa mizanini, ulibebwa na watumishi sita. Ulikuwa na kurasa elfu moja na mia moja. Sahani ilishuka kwa kishindo, Jiwe la Taifa likapanda juu, na wabunge wakasimama wakapiga makofi mpaka vumbi likatoka kwenye mapazia. Ulikuwa muswada mzito kuliko yote mwaka huo. Spika alimvalisha Nasikiwa nishani ya madini ya risasi, kubwa kama kisahani, ambayo ilimvuta shingo mbele akaonekana kama anainamia watu kwa unyenyekevu. Nishani hiyo aliivaa akirudi Lumwe kuwapa habari njema.

Alifika kivukoni saa nne asubuhi. Hapakuwa na ng'ombe. Hapakuwa na foleni. Palikuwa na kivuko kitupu kimefungwa gatini, na mvushaji, Sekwao, amesimama wima ndani ya sare mpya, na mwanamke ameketi juu ya mchanga ameegemea mapaja ya dada yake, anauma ncha ya mtandio.

"Sekwao," alisema Nasikiwa, "mbona huvushi?"

Sekwao alimtazama, akaitazama nishani, akatazama chini.

"Hana cheti, Mama."

"Cheti gani?"

"Cha ujauzito. Ni sheria yako, Mama. Wameleta kitabu, wamekuja na watu wa kutusomea sehemu yetu. Mjamzito ni mwanamke aliyethibitishwa kwa cheti. Asiye na cheti si mjamzito, na nikimvusha kwanza nitakuwa nimempendelea mtu wa kawaida. Ni kifungo."

"Na cheti kinatolewa wapi?"

Sekwao alinyoosha kidole ng'ambo ya mto. Jengo jipya lilionekana, bati linameremeta, bendera juu yake.

"Basi mvushe kama mtu wa kawaida. Hakuna foleni."

"Mtu wa kawaida anavuka kuanzia saa saba, baada ya wenye vyeti. Tumengoja wenye vyeti tangu juzi. Hawajaja."

"Na ile sheria yetu ya zamani? Ile ya ukutani?"

"Walikuja na chokaa," alisema Sekwao. "Ya Taifa ikija, ya jimbo inafutwa."

Yule dada wa mwenye uchungu aliinua kichwa. "Wewe ndiye uliyeileta?" aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu, na hilo ndilo lililomchoma Nasikiwa kuliko matusi.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi."

Hakukuwa na nafasi ya kusema zaidi. Alivua nishani akaiweka mchangani, akakunja mikono ya gauni, akapiga magoti. Sekwao alishika kanga upande mmoja na dada upande wa pili, Sekwao ameelekeza uso wake mtoni. Mtoto alikuwa amekaa vizuri, kichwa chini. Alizaliwa kabla ya saa sita, msichana, akalia kwa nguvu mpaka ndege wa matete wakaruka. Nasikiwa alimfuta, akamlaza juu ya mama yake, kisha akaenda kuosha mikono mtoni, na huko, mgongo umewaelekea watu, akalia. Alijua ilikuwa bahati tupu. Mtoto angekuwa amekaa kama yule wa Mwasiti, mikono yake isingemsaidia kitu.

Alilala kwao usiku mmoja. Mama yake alimwandalia uji, akamkalia pembeni.

"Watu wanasema umekuwa mtu mkubwa," alisema mama yake.

"Ndivyo wanavyosema."

"Basi rudi ukafanye kazi ya mtu mkubwa."

Huko Kapani alikwenda moja kwa moja kwa Spika, akataka sheria yake ifutwe. Spika alimsikiliza kwa upole, akamwagizia chai ya pili. Alimweleza kwamba sheria hufutwa kwa njia moja: kuweka mizanini muswada mzito kuliko ile sheria yenyewe. Kwa sheria nzito kuliko zote za mwaka, hilo lingetaka miaka minne ya kunenepesha, na michango ya wabunge wote, na katika michango hiyo nani angejua kilichomo?

"Lakini una kipaji," alisema Spika. "Mwenyekiti wa Kamati ya Unenepeshaji anastaafu. Nafasi ni yako ukiitaka. Una nyumba, una gari, una watumishi sita wa kubeba. Cheti ni jambo dogo, Mheshimiwa. Mwaka ujao tutaongeza fomu ya dharura."

"Itatolewa upande gani wa mto?"

Spika alicheka, akidhani ni mzaha.

Nasikiwa aliomba muda wa kufikiri. Alizunguka ukumbi mtupu wa Nyumba Kuu, akakuta Bwana Machano, Mpimaji, anapangusa sahani za mizani kwa kitambaa. Alimweleza yote, si kwa kutumaini msaada, bali kwa kuwa yule mzee alikuwa mtu wa kwanza Kapani aliyeacha kazi yake ili asikilize.

Bwana Machano alivua glavu moja.

"Kuna kanuni," alisema polepole. "Waasisi waliiandika kabla mizani haijaletwa. Haijawahi kufutwa, maana ni fupi, na hakuna anayekumbuka kwamba ipo. Inasema: sheria ikiwa inasomwa mbele ya Nyumba, haitumiki mpaka usomaji uishe. Walisema mtu hawezi kutii jambo ambalo bado anaambiwa."

"Nani anaruhusiwa kusoma?"

"Mtungaji."

"Kwa mwendo gani?"

"Hawakusema mwendo. Walisema asikike na kila mbunge aliyepo. Na asome kila siku Nyumba inapokaa, asikose hata siku moja. Ukiugua, basi."

"Mzee wangu, kwa nini hukuniambia siku ile ulipoupima muswada?"

"Siku ile hukuuliza. Nami kazi yangu ni kupima." Akavaa glavu yake. "Ningekwambia. Nilipaswa kukwambia."

Kesho yake Nasikiwa alimrudishia Spika nishani, aliyoiokota tena mchangani, na ile nafasi ya uenyekiti, akasimama mahali pake, akataja kanuni kwa namba. Wanasheria wa Nyumba waliitafuta nusu saa, wakaikuta. Spika hakuwa na la kufanya. Siku hiyohiyo barua zilitumwa kwenye vivuko vyote: sheria imesimama, inasomwa. Pale Lumwe watu walikwangua chokaa ukutani kwa visu, na Sekwao akavua sare. Ng'ambo mambo hayakuwa mazuri sana. Huko hawakuwa na sheria yoyote ya kurudia, na kila mvushaji alifuata moyo wake, wapo waliovusha na wapo waliokataa. Lakini lile jengo la bati lilifungwa, na makarani wake wakarudi Kapani na malalamiko.

Nasikiwa alianza ukurasa wa kwanza. Alisoma kwa sauti ile ya chini aliyokuwa akiitumia kwa wanawake wenye uchungu, neno baada ya neno, akinyamaza kwenye kila nukta. Wabunge wa Ratilia hawakuwahi kusikia sheria ikisomwa. Siku za mwanzo walisinzia. Baadaye wakaanza kusikiliza, na hapo ndipo tabu ilipozuka, kwa sababu kila mmoja alisikia ya mwenzake. Mbunge wa milimani aligundua kwamba kurasa za maboya zimewakataza watu wake kuvaa nyekundu. Watu wa bata waligundua kwamba watu wa chumvi wamewafungia mto miezi mitatu kwa mwaka. Waliulizana kwenye korido kwa sauti za chini, kisha kwa sauti za juu.

Wengine walimkasirikia msomaji. Walitaka wamalize, sheria ianze, mambo yarudi kama zamani. Mbunge mmoja alileta hoja kwamba msomaji lazima asome kurasa hamsini kwa siku. Hoja ilikuwa na kurasa nyingi na ililiinua Jiwe kidogo. Mpimaji alisema kidogo inatosha, maana hakuwa mtu wa kudanganya kipimo. Nasikiwa alilazimika kwenda mbio. Kwa mwendo huo, hesabu ilikuwa rahisi: wiki chache, na Sekwao angevaa sare tena.

Alisoma mpaka midomo ikapasuka. Sauti ilianza kukwaruza. Siku ya tano ya mwendo ule mpya alifika kwenye kurasa za chumvi. Alisoma ukurasa wa kwanza wa zile mia moja na arobaini mpaka mwisho, akalowesha kidole, akashika ncha ya karatasi ili aifunue.

Kiti kililia upande wa pwani. Mheshimiwa Dihenga alikuwa amesimama, mikono juu ya tumbo lake. Katika vipindi vitano hakuwahi kusimama ila kwa makofi. Aliutazama ule ukurasa, ambao aliutoa yeye, na ambao ndiyo kwanza alikuwa ameusikia. Alikuwa na masikio mazuri. Alisifika kwa kusikia sahani za chakula zikipangwa ghorofa mbili chini.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "sikusikia."

Spika alimtazama Mpimaji, na Mpimaji akaitikia kwa kichwa: kanuni ilisema kila mbunge aliyepo asikie.

"Ukurasa urudiwe," alisema Spika, "nao uhesabiwe katika zile hamsini za leo."

Nasikiwa alikunywa maji taratibu, glasi nzima. Akaanza tena kutoka juu. Alipofika mwisho, mbunge wa milimani alikuwa tayari anainuka; naye hakusikia.